Sarafu Inayoitika

Al-Dirah, Riyadh

Kwako dadangu Adhiambo,

Pokea salamu kutoka kwa kakako Alfayo. Mimi ni mzima, ila joto linatutoa jasho hata kivulini. Wewe na binti yako Keziah mko wazima? Magoti ya mama yanaendeleaje? Simu yako haipatikani tangu juzi, ndiyo maana nimempa Cliff barua hii akuletee kwa mkono.

Unajua bosi wangu hununua mapambo ya fedha ya zamani na kuyayeyusha. Mwezi wa Ramadhani nilimwendesha hadi Jeddah, kwenye nyumba kubwa mtaa wa Al-Hamra, tukachukua mkufu wa marehemu bibi mmoja. Ulikuwa umetundikwa sarafu, moja ikiwa ya Bolivia: upande mmoja kichwa cha mkombozi wao, upande wa pili mti na wanyama wawili wa shingo ndefu wamelala chini yake. Bosi akanieleza kwamba fedha ile ilitoka mlima wa Potosí. Wahispania waliwashusha wenyeji humo kwa nguvu wakaichimbe, na wengi hawakutoka. Nchi ilipopata uhuru ikaendelea kupiga sarafu palepale, kwanza za fedha nzuri, halafu wakaanza kuzidisha shaba.

Kwa hiyo dukani kila sarafu hugongwa kwenye jiwe. Nzuri hulia, mbaya hukauka sauti. Hii ililia vizuri. Kisha, dada, chini ya jiwe kukagongwa upesi upesi, halafu kimya kirefu, kama mtu anayengoja kujibiwa. Nilicheka, nikidhani ni mafundi wa jirani. Bosi hakucheka. Alisema sarafu inayoitika haiyeyushwi, halas, basi yameisha, niende nikaifukie jangwani.

Sikuifukia. Niliona ni upuuzi wa wazee, na mtoto wako nilikuwa sijampa zawadi. Fundi mmoja wa sokoni akaiyeyusha. Ndiyo ile bangili aliyokuletea Valentine alipokuja likizo. Tangu iondoke, kugonga kule kulikokuwa kukirudi mara kwa mara kumekoma huku, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Juzi ukaniandikia ukicheka kwamba Keziah amejifunza kubisha hodi: anagonga sakafu na bangili upesi upesi, kisha analaza sikio chini, ananyamaza, anatabasamu. Mimi sikucheka, Adhiambo. Nimeogopa. Mvue leo hii. Ikikataa kutoka, paka sabuni, usimwache agonge tena. Uifukie mbali na nyumba.

Nisalimie mama, na umwambie asilale na mtoto sakafuni, walale kitandani.

Ni mimi kakako anayekupenda,
Alfayo