Siku Uwanja Wote Ulipohamia Kwetu

Jumatatu, 8 Julai

Mazoezi. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimewazungusha uwanja mara sita kwa sababu wanne walichelewa, na waliowahi wamenuna. Wanune. Netiboli saa kumi, ngoma saa kumi na moja, uwanja uleule wa shule hapa Makanyagio, mwaka wa nane huu.

Barua ya Mfuko imefika. Ule mfuko wa vijana wa kampuni ya pamba, wa michezo na utamaduni. Kikundi kimoja tu ndicho kitachukuliwa: jezi, mipira, ngoma mpya, walimu, safari, miaka mitatu mfululizo. Tumebaki wawili, sisi na Ikola, wale wa ziwani. Ikola nawaheshimu. Lakini ni sisi.

Jumatano, 10 Julai

Amekuja Rehema, ofisa wa Mfuko, kutoka Dar. Binti mpole, raba nyeupe pee. Nimezionea huruma hizo raba. Ametuachia kanuni, kurasa mbili. Ijumaa ya wiki ijayo netiboli, Jumamosi ngoma, majaji watatu. Nimewasomea vijana harakaharaka maana giza lilikuwa linaingia. Ukurasa wa pili nimeuruka. Nani asiyejua mashindano? Karatasi nimeitia kwenye mkoba.

Alhamisi, 11 Julai

Kijijini Litapunga kwa bodaboda, kiuno hakina kazi tena. Nilikwenda kwa Mzee Jilala, baba yake Minza. Alisikia habari za majaji, akaniita.

Minza ndiye nahodha wangu. Miaka kumi na tisa, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Kwenye ngoma ya majembe analirusha jembe juu, anageuka, analidaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Wenzake wote wanacheza kwa kumfuata yeye. Akiondoka, sina kikundi. Niseme ukweli.

Mzee hakuzunguka. "Mwalimu, huyu mtoto mwaka wa pili sasa yuko kwenye ngoma. Mkishinda, abaki. Mkishindwa namchukua, na tusisumbuane."

Nikamjibu tutashinda. Nilisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Akacheka, akaniongezea maziwa.

Jumapili, 14 Julai

Watoto wa mjini wameanza maneno. Eti ngoma ya majembe ni ya kishamba, wanataka kucheza nyimbo za redioni. Nikawapa majembe. Dakika kumi tu. Viganja malengelenge, midomo kimya. Wenzao wanaotoka Litapunga, kama Minza, walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye Minza akawafundisha kushika mpini, mmoja mmoja, taratibu. Ana subira kuliko mimi. Kunishinda subira si kazi, lakini ndiyo hivyo.

Ijumaa, 19 Julai

Netiboli: 34 kwa 17! Sauti sina. Melki, kocha wa Ikola, alikuja kunipa mkono akasema, "Dada Skola, kesho kwenye ngoma mtatutambua." Nikamwambia alale mapema.

Jumamosi, 20 Julai

Sijui nianzie wapi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Uwanja ulijaa. Ikola wakaitwa kwanza. Wakaanza vizuri, wimbo wa kuvuta nyavu, watu wamewazunguka. Dakika mbili hazijaisha, upande wa pili wa uwanja nikasikia ngoma. Ngoma zetu. Minza na wenzake wote wamesimama, majembe yanapaa!

Na watu wakahama. Wachache kwanza, halafu kundi zima, wamama na watoto mgongoni, waendesha boda wameacha pikipiki zao. Uwanja wote ukaja kwetu. Ikola wakabaki wanawaimbia majaji watatu na mbuzi mmoja.

Aibu yangu naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayeisoma: nilifurahi. Nilipiga vigelegele. Sijawahi kuwaona wakicheza vile. Nilikuja kushtuka nilipomwona Rehema anakuja anakimbia, raba zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi.

Tumetolewa. Utovu wa nidhamu. Kanuni iko ukurasa wa pili: kila kikundi kisubiri zamu yake, atakayeingilia ametoka.

Niliwafokea vijana mbele za watu. Nikawaita wahuni. Minza alisimama palepale. Jembe mkononi, machozi yanatiririka.

Jumapili, 21 Julai

Minza alikuja asubuhi kabla ya misa. Macho yamevimba. Akaniuliza, "Kocha, sasa kosa letu lilikuwa nini?" Nikadhani ananichezea. Hakuwa ananichezea.

Kwao hakuna zamu. Wakishavuna, pande mbili zinacheza siku moja, saa ileile, huku na huku. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio wanaohama, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. "Ukikaa umekunja mikono mwenzako anacheza," akasema, "umeshakubali kushindwa." Ndivyo alivyocheza baba yake, na babu yake kule walikotoka na ng'ombe kabla ya kuhamia Litapunga. Waliposikia ngoma ya Ikola, wakajua mashindano yameanza. Wa mjini wakamfuata nahodha wao, kama nilivyowafundisha mwenyewe.

Nimekaa na watoto wa Litapunga miaka minane. Mimi Mbende, mzaliwa wa hapahapa, najiona najua kila kitu. Sijawahi kuwauliza kwao wanashindanaje. Na ukurasa wa pili niliuruka mimi. Mjinga ni mimi.

Tukaenda wote kumi na wanane gesti walikolala Ikola, wakiwa wanapakia mizigo kwenye basi. Nikaomba radhi mbele yao, na mbele ya vijana wangu pia, kwa kuwaita wahuni. Ulimi ulikuwa mzito. Melki akaniacha nimalize, kisha akasema kilichomuuma si kanuni. Kilichomuuma ni kwamba hata dereva wao alihama. Tukacheka, lakini kidogo.

Jumanne, 23 Julai

Rehema amepiga simu. Mfuko umewachukua Ikola. Nilimweleza yote juzi, akayaandika kwenye ripoti yake, lakini kanuni ni kanuni. Mwakani tunaruhusiwa kuomba tena. Sauti yake ilikuwa ya huzuni, ikabidi nimpe moyo mimi.

Siku zote nawaambia vijana asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nimeukubali msemo huo kwa shida sana.

Mzee Jilala anakuja kesho. Minza amefunga begi lake.

Jumatano, 24 Julai

Niliandaa maneno usiku kucha. Kwamba kosa ni langu. Kwamba amwache japo mpaka Desemba. Nilikuwa tayari kupiga magoti, mimi ambaye sipigi magoti hovyo.

Akafika saa tatu, akaegesha baiskeli, akapokea chai. Nikaanza: "Mzee, Mfuko umewachukua Ikola."

"Nimesikia."

"Uliniambia tukishindwa..."

Akainua mkono. "Mwalimu, Jumamosi nilikuwepo."

Sikujua. Alikuja makusudi, kimyakimya, akaenda kusimama upande wa Ikola asije akampendelea mwanawe. Akasimama na wale wa ziwani, akawatazama vizuri tu. Wanajua, alisema. Kisha majembe yakaanza kupaa upande wa pili, na watu wakaanza kumpita.

"Nikajizuia," akasema. "Nikajizuia mwalimu, haki ya Mungu. Mwishowe hata mimi nilihama."

Akanywa chai yake. "Hao wa Mfuko wana hesabu zao, sizikatai. Mimi nilisema mkishindwa. Nyie hamkushindwa."

Nililia. Mbele ya mgeni, kikombe mkononi. Akaomba sukari ili nipate pa kwenda.

Ijumaa, 26 Julai

Mazoezi saa kumi. Upepo wa baridi. Wamekuja wote. Minza kachelewa, kazunguka uwanja mara sita kama mtu mwingine yeyote.

Nimewasomea ukurasa wa pili, neno kwa neno, wamechoka mpaka wanapiga miayo. Halafu nikamwambia Minza asimame atueleze kwao wanavyoshindana, tangu mwanzo, asiruke kitu. Wa mjini wakauliza maswali mengi. Mimi nilikaa chini pamoja nao, nikasikiliza mpaka akamaliza.