Swali Lililoulizwa kwa Wembe wa Kukunja

Mume mwenzangu Deo,

Huku Lipangalala tunaendelea vizuri. Mke wetu, bibi yako, anakusalimu, ila anasema ukizidi kukaa kimya huko Dodoma atabaki na mimi tu. Mpunga umeanza kuchanua.

Umeuliza kama wembe ulioniletea, ule wenye kichwa cha kubadilisha, unaushinda wangu wa kukunja. Nimejaribu shavu moja kwa huu, jingine kwa ule. Wako haunikati hata nikinyoa huku naongea. Wangu unanyoa karibu zaidi, lakini hautaki maongezi.

Nilipokuwa kijana mwenye haya, baba alininyoa ndevu zangu za kwanza kwa wembe huo. Nilikuwa nakaribia kwenda seminari, na nyumba nzima ilishaniita padri. Akanishika kidevu, akauliza taratibu, “Kweli unautaka upadri, au unatuogopa sisi? Usijibu. Ukitikisika nitakukata.”

Sikuwahi kupewa swali pamoja na muda wa kulifikiria. Wembe ulishuka polepole shingoni, nami nikawaza. Aliponifuta povu nikasema, “Nawaogopa, baba.”

Akacheka. “Basi kamwambie mama yako mwenyewe. Hata mimi namwogopa.”

Mpaka leo najiuliza, ni wembe ulionisaidia au ni baba? Ungekuwa huu wako, ningejibu “ndiyo” kabla povu halijakauka, na sasa ungeniita padri, kama ungezaliwa wa kuniita.

Babu yako, mwenye shavu moja laini kuliko jingine