Boksi la Gody

Debora, yule Petronila jirani yangu anatangaza mtaa mzima kwamba Gody, dereva wa maabara yetu, kakamatwa soko la samaki Mwigobero na nyama ya mtu kwenye boksi. Eti kaona kidole.

Hakuna kidole. Mimi nilikuwepo.

Gody alipitia kwa wauza samaki kuongeza barafu kwenye boksi, kama anavyofanyaga. Leo kaandika juu yake kwa kalamu nene, PROTINI YA BINADAMU, ili wasimrundikie sangara. Kaandika mwenyewe, Debora, kwa mkono wake.

Mwenye barafu akasoma kwa sauti. "Binadamu gani huyo, kaka?"

Gody akacheka. Akasema hakuna mtu aliyekatwa, inatengenezwa na vijidudu kwenye chupa, ni ya utafiti tu.

"Vijidudu vimezaa binadamu? Mumiani huyu."

Kasia la kwanza lilimpata mdomoni. La pili sikioni, nikasikia mfupa. Wakamwaga vichupa vya kwenye boksi vikapasuka, wakamlaza juu ya vioo wakamkanyaga. Polisi wamemchukua anapumua, ila jicho moja sidhani kama litaona tena.

Maabara ile nafagia mwaka wa tatu. Alichosema Gody ni kweli, nakijua.

Na aliniona. Kabla polisi hawajafika, aliniona nimesimama na ndoo yangu ya dagaa. Akatema damu akasema, "Tereza, dada yangu, wewe unavijua. Waambie."

Wote wakageuka. Mwenye kasia akalishusha, akanisubiri.

Nikajitwisha ndoo, nikawapa mgongo.

Akaniita tena, "Tereza, waambie."