Chama cha Pande Mbili

Tarehe 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila mafua ya wiki iliyopita yameniachia sauti ya chura, na mkalimani asiye na sauti hana kazi.

Mama, sitazunguka. Jana mkuu wangu wa kazi hapa makao ya Jumuiya aliniita ofisini, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniuliza, "Yule mwoka mikate anayeongoza kile chama cha mpakani ni mama yako?" Nikasema ndiye aliyenizaa. Akatabasamu. Akaniambia serikali ya kwetu imetoa kanuni mpya: chama chenye wanachama wa nchi nyingine ni chama cha kigeni, na kisipowaondoa kitafutwa. Kisha akasema mtoto mwenye busara humshauri mzazi wake, na kwamba mkataba wangu unaisha Juni. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Najua mlivyoanza, akina mama wa huko na wa ng'ambo mkidai lango dogo la mpakani lifunguliwe mapema ili watoto wawahi shule na wagonjwa wawahi zahanati. Hilo halikumkera mtu. Kilichowakera ni uchaguzi uliopita, mliposimama vituoni mkanakili matokeo na kuyasoma hadharani sokoni, wenzenu wa ng'ambo wakiwa mashahidi. Si mngewaondoa tu kwa muda? Mambo yakitulia mnawarudisha.

Nisalimie Fundi Viatu na mkewe.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mafua, kunywa vitu vya moto na uache kuongea ovyo. Miguu yangu ni ileile, inavimba jioni, inanywea asubuhi, wala haiombi ruhusa ya mtu.

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya tanuri, nusura mikate iungue. Niwaondoe akina nani? Fundi Viatu, makamu wangu, ambaye duka lake liko ng'ambo na kitanda chake kiko huku kwa mkewe? Nimwambie akivuka asubuhi ni mgeni, akirudi jioni ni mwanachama? Huyo ndiye aliyekubeba mgongoni kukupeleka zahanati ya upande wa pili, mwaka ule ambao huku hatukuwa na daktari. Pale mlangoni hakuna aliyeuliza wewe ni wa nchi gani. Nawe hukuuliza, ulikuwa unalia tu.

Kila mwaka wakubwa hushikana mikono kwenye hiyo mikutano unayoitafsiri, wakasema Jumuiya ya nchi zetu ni ya wananchi. Basi wananchi ndio sisi! Tukikutana wanatuita wageni. Wanataka tuungane kwenye mabango tu?

Na hayo matokeo, yalibandikwa ukutani ili yasomwe. Tukayasoma. Kama kusoma ni kosa, wangeyabandika yakitazama ukuta.

Mwambie mkuu wako nimesema hapana. Ukiona haya, mpe barua hii aisome mwenyewe. Mwandiko wangu si mbaya.

Mama yako


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Barua zangu mbili hujazijibu, na simu yako inaita tu. Jana redioni nimesikia chama chenu kimefutwa na stoo mliyokuwa mkikutania imepigwa kufuli. Nijulishe kama uko salama, hata kama bado umenikasirikia.

Mkataba wangu umeongezwa miezi mitatu, "tuone kwanza." Leo asubuhi niliketi kwenye kile kibanda chetu cha vioo nikimtafsiria waziri wa kwetu. Alisema hakuna chama chochote kilichofungwa nchini mwake. Nikalisema hilo neno kwa neno, kwa sauti yangu, wajumbe wa nchi zote wakinisikia masikioni mwao, wakiandika. Mama, nilihisi nimemeza jiwe.

Mwezi wa nane kamati ya Bunge la Jumuiya itasikiliza maoni ya vyama vya wananchi. Mtapewa viti vya nyuma, na kila chama mjumbe mmoja, dakika tano. Sikutumi, nakuarifu tu. Lakini ukiamua, fomu za maombi ziko wazi mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mama. Nilikukasirikia, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kuacha kuandika. Barua zako zilishikiliwa na watu wa serikali, nikapewa zote tatu pamoja zikiwa zimefunguliwa. Afadhali, nao wamejua unanipenda.

Stoo wameifunga kweli. Pasipoti yangu wameichukua, wanasema "kwa uhakiki." Afisa wa vyama akaja na polisi, akatusomea amri: marufuku chama hiki kukutana ndani ya jengo, uwanjani au chini ya turubai. Nikamuuliza, "Na foleni ya mkate?" Akatazama karatasi yake mbele na nyuma. Foleni haikuandikwa.

Basi tunakutana kwenye foleni. Anayefika dirishani anasema neno lake, anachukua mkate wake, anarudi nyuma ya mstari kusubiri zamu nyingine. Mstari umefika hadi langoni na kutokeza ng'ambo. Wengine wamekula mikate mpaka wanalalamika, lakini kikao hakijavunjika hata kimoja. Polisi aliyewekwa kutulinda ameanza kunisaidia kubeba trei.

Mjumbe tumemchagua hapohapo. Mimi siwezi kusafiri, na kura zimemwangukia Fundi Viatu, kwa kuwa pasipoti yake ya ng'ambo hawana mamlaka ya kuigusa. Ameazima koti la shemeji yake, mikono imemfika vidoleni. Unajua sauti yake ni ndogo. Umwangalie huko.

Mama yako


Tarehe 25 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza, kisha usome.

Fundi alisoma vizuri mbele ya kamati. Alieleza habari za lango, stoo na uchaguzi, polepole kama anayepima soli. Hakufika mwisho. Mwakilishi wa serikali yetu akanyanyuka. "Mwenyekiti, mtu huyu si raia wa nchi anayoisemea!"

Fundi akamgeukia bila hasira. "Mheshimiwa, simsemei mtu nchi yake. Nasemea lango. Lina pande mbili na mimi napita zote kila siku. Wewe umelipita lini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kamati akaamuru kipaza sauti kizimwe na wakalimani wanyamaze. Fundi aliendelea kusoma, midomo ikicheza, asisikike hata safu ya pili. Mwenzangu akavua visikizio, akanitazama. Mama, kazi yetu ina miiko yake: hatuongezi neno, hatupunguzi, hatuonekani. Nikafikiria lile jiwe. Nikavua vyangu, nikashuka ngazi, nikasimama kando yake.

"Endelea, baba," nikamwambia.

Akasema sentensi, nami nikaitafsiri kwa kelele kama mnadi sokoni. Mlinzi akanishika mkono, sikunyamaza. Ndipo bibi mmoja, mbunge wa nchi ya tatu ambayo haina ugomvi na sisi, akasimama. "Mwacheni binti amalize. Nimetoka mbali kuja kusikiliza." Mlinzi akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari. Tukamaliza mpaka neno la mwisho. Yote yameingia kwenye kumbukumbu za kamati, na serikali imetakiwa kujibu kwa maandishi.

Kesho yake kadi yangu haikufungua mlango. Sina kazi, na sitaki pole. Kuna mawakili wanaopeleka kesi yenu kwenye mahakama ya Jumuiya, nami nawatafsiria. Chumba chao kinavuja na kiti changu kina miguu mitatu mizima. Sijalala vizuri hivi tangu mwaka uanze.

Mwanao


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena. Usiniulize nilikuwa wapi, umeshajua. Waliniweka ndani siku chache kwa kosa la "kuandaa foleni." Sikupigwa. Nilivimba miguu kwa kulala sakafuni, sasa naendelea vizuri. Fundi alinisimulia ulivyosimama, akalia mbele za watu, na mkewe akamcheka.

Shule imeacha kununua mikate yangu, imeamriwa. Tanuri moja nimelizima. Usidhani huku ni vigelegele tu.

Juzi afisa wa vyama alirudi, safari hii bila polisi, mpole. Naona lile jibu la maandishi linawasumbua. Mkononi ana vyeti viwili vya usajili, vimegongwa mihuri tayari. Kimoja cha wanachama wa huku, kingine cha wa ng'ambo. Akasema, "Mama, gawanyikeni tu, stoo nakufungulia leo."

Sikufichi, nilivitamani. Nimechoka, mwanangu. Nikapeleka neno kwa wanachama, nikawaambia hata mimi moyo unayumba, kila mtu aseme lake. Wapo waliosema tuchukue, na si waoga, ni watu wenye watoto. Muuza mboga mmoja akauliza, "Tukigawanyika, uchaguzi ujao nani atakuwa shahidi wa nani?" Kisha tukapiga kura kwa mikono, mchana kweupe, pande zote mbili za lango, askari wa nchi mbili wakitazama. Nilihesabu mara mbili, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu.

Nikamrudishia afisa vyeti vyake, vikiwa safi kama alivyovileta. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mimi niandike sababu gani kwenye ripoti?"

Nikamwambia aandike kwamba tulipiga kura.

Wasomee mawakili wako barua hii. Uitafsiri yote, mwanangu, na usipunguze makali.

Mama yako, bado mwenyekiti