Asijue Hadi Amalize Mtihani

Ijumaa, 8 Novemba

Bukoba! Ndege imetua saa tano. Nilidhani nitatoka kimyakimya — wapi! Watu wamejaa nje ya uwanja, wanaita Gaudi, Gaudi, mpaka askari wakaanza kucheka. Mama mmoja amenisukumia mfuko wa senene, panzi wetu wa kukaanga, bado wa moto. Nimewala palepale, mafuta yakashuka hadi kwenye kiwiko. Audax hakufurahi, eti gauni ni la mdhamini. Meneja wangu huyu ni Mhaya wa kuzaliwa Dar. Senene anawala kwa uma.

Mchana redioni. Mtangazaji kaniuliza kwa nini nakataa matangazo ya bia na ya kubeti wakati wenzangu wanajengea majumba. Nimemjibu lile jibu langu: jina nililobatizwa nalo siliuzi. Studio nzima makofi. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Keshokutwa Muleba, kwa Alistidia. Miaka sita hatujaonana! Tulianza wote kwaya ya parokia kule Maruku, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Mwenye sauti alikuwa yeye. Maruku nzima inajua, ila hakuna anayelisema hilo redioni, na mimi mwenyewe sijawahi kulisema.

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudi kutoka Muleba. Sijui nianzie wapi.

Alistidia amekonda. Ana kibanda chake cha cherehani nyuma ya soko, nyumba iko hatua chache kutoka hapo. Nimemkuta kwenye mkeka ananyonyoa senene. Kicheko ni kilekile: "Waitu, Gaudiosa wetu, umenenepa mpaka kope!" Nikamkumbatia. Mifupa.

Nilimpelekea kikapu — sukari, kitenge, sabuni za mdhamini — nimekifunika kitambaa cheupe kama mama alivyonilea. Kwetu zawadi haiendi wazi. Mwenyeji anaingia nayo chumbani, anaitoa hukohuko, halafu anakurudishia kikapu chako na kitu ndani. Sasa Audax akataka kitambaa kitoke, sabuni zionekane kwenye picha. Nikakitoa. Alistidia akatazama kikapu, akawatazama vijana wa kamera, akasema karibuni.

Nikawaambia wote watoke nje. Tulipobaki wawili akaniambia. Saratani. Titi la kushoto. Aligundua mwezi wa sita, ameshakwenda Mwanza mara mbili kwa basi, peke yake! Atafanyiwa upasuaji Jumatano ya tarehe 20. Anayejua ni kaka yake Joackim, na sasa mimi.

Evodia hajui. Ni mwanawe wa pekee, baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Yuko bweni huku upande wa Bukoba na kesho anaanza mtihani wa kidato cha nne. Ameambiwa mama ana vidonda vya tumbo. Alistidia amenishika mkono: "Asijue hadi amalize mtihani. Tarehe 29 nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu." Nikaapa. Nikasema gharama zote juu yangu, nikasema saratani haikuwezi wewe, nikalia. Mgonjwa ndiye aliyenibembeleza.

Kikapu kimerudi na senene walionyonyolewa, safi, hata bawa moja hamna. Vijana walikuwa nje muda wote huo. Sijui walikuwa wanafanya nini.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo kijijini Ngenge. Wodi ya wazazi wanayojijengea imefika usawa wa madirisha, kampuni ya sabuni imeahidi kuimalizia na kuiezeka. Akina mama wamecheza hadi vumbi limetuziba. Mmoja alijifungulia kwenye bodaboda njiani kwenda zahanati. Mtoto kamwita Gaudiosa. Nimembeba. Ana kucha ndogo kuliko punje za mchele.

Evodia ameanza mtihani leo. Nimemsalia rozari nzima garini.

Jumanne, 12 Novemba

Saa tatu asubuhi ujumbe wa Joackim: "Dada, iondoe." Niondoe nini? Nikafungua simu.

Iko kwenye ukurasa wangu mwenyewe! Mlango wa Alistidia umeegeshwa nusu, sisi ndani, mikono kwa mikono. Jina lake limeandikwa. Muleba imeandikwa. Nembo ya sabuni kwenye kona. Na neno lenyewe linasikika, saratani, wala hakulitamka yeye. Ni sauti yangu. Laki nne wameshatazama. Malkia mwenye moyo wa dhahabu, wanasema. Mungu akuzidishie, wanasema.

Nimemtukana Audax kwa Kihaya, matusi ambayo hata hakuyaelewa. Alinisubiri nimalize. Akasema mkurugenzi wa kampuni ameshapiga simu, amefurahi kupita kiasi. Akasema video hii ndiyo paa la Ngenge. Ikifutwa, tusitegemee bati hata moja. Akaniuliza wale akina mama wajifungulie wapi.

Nikakaa kufikiri. Nikampigia mwanasheria Dar. Nikasali. Nikampigia tena mwanasheria. Nimeifuta saa kumi jioni.

Saa tatu mpaka saa kumi! Mtu mzima nimekaa na simu mkononi saa saba nzima, kuna nini cha kufikiri pale? Watu wameshaihifadhi, inazunguka kwenye magrupu ya Kagera yote. Hata dada wa mapokezi hapa hotelini ameniambia pole na mgonjwa.

Alistidia hapokei simu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda Muleba peke yangu. Mtandio hadi machoni, bado pale stendi wamenitambua. Nimepigwa picha kabla sijavuka barabara.

Mlango umefungwa. Kibarazani vitu vyangu vyote: sukari, kitenge, sabuni. Hakuvitupa. Amevipanga vizuri kama vya dukani, na hilo limeniuma zaidi.

Akaja dirishani.

— Umekuja na nani?

— Peke yangu.

— Leo.

Neno moja hilo. Akasema bibi harusi mmoja amekuja asubuhi kuchukua gauni lake ambalo halijaisha, mama mkwe hataki lishonwe na mikono yenye ugonjwa. Akasema pesa yangu hataki na Mwanza haendi. "Nikifia kule mezani, mwanangu atakumbuka kwamba habari zangu Tanzania nzima ilizijua kabla yake." Atakaa hapahapa mpaka tarehe 29, amwambie mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Nikasema bwenini simu haziruhusiwi, hatasikia. Akasema na iwe hivyo. Akafunga dirisha, taratibu, bila kulibamiza.

Joackim amenisindikiza hadi barabarani. Daktari amesema hiyo tarehe 20 ikipita, nafasi nyingine ni mwakani, na kitu chenyewe hakisubiri mwakani. Tulisimama pale kama wajinga wawili. Nilimwomba amwombe. Akasema, dada, unamjua kuliko mimi.

Jumamosi, 16 Novemba

Onyesho mchana. Uwanja umefurika, watoto juu ya mabega, wameimba kila neno. Nimeimba kwa saa mbili nzima na wala sikumbuki nilichoimba. Mkurugenzi wa sabuni amepiga: bati zimesimama "kwa sasa". Sawa.

Niandike jambo moja, maana hapa hakuna anayesoma.

Jumapili niliandika kwamba sijui vijana walikuwa wanafanya nini. Uongo! Hata kwenye daftari langu nimejipamba. Audax alisimama pale mlangoni na simu juu, akaniuliza kwa macho. Nilimwona. Sikusema ndiyo, lakini niligeuza uso kidogo kulia, upande unaonitoa vizuri, na ndipo nikamshika Alistidia mikono. Ndipo nikalitamka lile neno, kwa sauti ya kufika mlangoni. Machozi yalikuwa ya kweli. Nampenda yule mwanamke tangu tuna miaka tisa. Na bado niligeuza uso.

Bia nimekataa. Kubeti nimekataa. Nikasifiwa, nikajiona mtakatifu, kumbe nilikuwa nauza kitu ambacho hata si changu. Nimemwambia Audax aende Dar. Ameenda. Na kosa nimebaki nalo mimi, maana si lake peke yake.

Jumatatu, 18 Novemba

Amejua.

Joackim amenieleza yote. Asubuhi, foleni ya uji. Dada wa jikoni alikuwa na simu yake, anamwonyesha mwenzake: muone Gaudi anavyolia. Evodia alikuwa na bakuli mkononi. Akamwona mama yake.

Uji hakunywa. Aliingia kwenye Kemia, akaandika namba yake ya mtihani, akaweka kalamu chini mpaka muda ukaisha. Hajalia, matroni anasema. Anasema tu kwamba kesho haingii, anaenda kwao.

Halafu jioni simu ikaita. Alistidia! Nilianza kulia kabla hajasema kitu.

"Nyamaza kwanza," akasema. Akasema kesho kuna mtihani mwingine saa mbili asubuhi. Yeye hawezi kwenda, Evodia akimwona atamkumbatia na hatamwachia, wataharibikiwa wote. "Nenda wewe. Ulimwambia nusu, kamwambie iliyobaki. Usimdanganye hata kidogo. Akiingia kwenye chumba cha mtihani, mimi napanda basi la Mwanza na Joackim. Asipoingia, sipandi. Siwezi kulala kwenye ile meza huku najua nimemharibia mtoto maisha." Nikauliza kuhusu gharama. Joackim ameuza ng'ombe, akasema. "Na uende bila watu wako."

Akakata. Hakuniita jina hata mara moja.

Jumanne, 19 Novemba

Naandika kwenye benchi, mbele ya ofisi ya mkuu wa shule. Mwandiko wenyewe huu, Mungu wangu.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Gari nimeliacha mbali, nimetembea. Hakuna wanja, hakuna wigi, kilemba cha kawaida tu. Mkuu wa shule akaambiwa mimi ni ndugu wa mtoto, akatupa dakika chache hapa barazani.

Evodia akaletwa. Mrefu! Paji la uso la mama yake, na begi mgongoni, limeshafungwa kwa safari. Akapiga goti. "Shikamoo mama mdogo." Afadhali angenitukana.

Nikamwambia. Titi, Mwanza, kesho, na kwamba mama yake yuko stendi ya Muleba na mfuko wake wa nguo, anasubiri kusikia kama mwanawe ameingia. Nikamwambia kila kitu nilichojua, kikaisha.

— Atapona?

— Sijui, mwanangu.

— Ile video, ulijua wanapiga?

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema nilijua.

Chini huko wenzake walikuwa wanakaririshana kitu, mmoja anauliza, wote wanajibu. Evodia akawageukia, midomo yake ikasogea, akajibu nao kimoyomoyo. Niliona! Akatoa mkanda wa begi kwenye bega moja. Nikasema, Bwana Yesu, asante.

Hapo mlango wa ofisi ukafunguka. Mkuu wa shule na walimu wawili. Kumbe kilemba hakikuficha kitu — jamani ni Gaudi mwenyewe, kweli uondoke hivihivi? Simu ikatolewa, wakanizunguka kabla sijasimama sawasawa. Wa kupiga akakosekana. Mkuu akamwona aliye karibu. "Wewe Evodia, tupige picha moja, mwanangu, kisha ukafanye mtihani wako." Maskini, hata hakuwa na nia mbaya. Hajui huyu ni mtoto wa nani.

Evodia akaipokea simu. Akarudi nyuma hatua mbili. Akahesabu: moja, mbili.

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, nalihisi. Akafika tatu, nikatabasamu. Miaka kumi na mbili ya kazi hii! Uso ulijiendea wenyewe.

Akaitazama picha. Akamrudishia mkuu simu kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, na adabu yake yote.

— Umetoka vizuri, mama mdogo.

Akarudisha mkanda wa begi begani. Akashuka ngazi.

Sasa ni saa mbili kasoro dakika sita. Wenzake wamepanga mstari mbele ya chumba cha mtihani, msimamizi anaita namba. Evodia amesimama uwanjani, katikati ya mstari na geti, hatazami huku wala huku. Nikimwita, sauti yangu ndiyo ileile aliyoisikia kwenye foleni ya uji. Nisipomwita, sijui.

Simu inatetemeka benchini. Joackim, mara ya nne. Ameandika: "Dada, dereva anawasha gari. Ameingia?"

Nimeandika "bado". Sijatuma.