Saa Moja Kibondeni

Jumatano, 9 Julai 2003

Umeme umerudi saa nne. Nimewasha kompyuta, nikanywa chai, nikafungua R. Programu ya bure ya kuchora takwimu, tulipewa kwenye CD kozini Mbeya. Hapa mradini Tukuyu naijua peke yangu, kwa hiyo kila mtu ananiletea namba zake. Hata Shabani, fundi cherehani wa mtaa wa Bulyaga, anapima mvua uani kwake kwa kujifurahisha na anataka nimchoree.

Leo za kazi kwanza. Vipimo vya hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye kile kibonde cha kijijini kwetu, Matwebe. Kapima Ambokile, msaidizi wetu wa huko huko, kwa kifaa cha mradi. Amri moja tu, mstari ukatokea. Hewa imejaa saa 1 hadi saa 3, inashuka, ikifika 7 hakuna kitu. Kwa saa za kompyuta, 7 ni saa moja asubuhi. Basi hewa inatoka usiku, kukipambazuka imeisha. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempelekea mwenyekiti wa kijiji majibu. Kiangazi kimekausha kila kitu, majani mazuri ya ng'ombe yamebaki kibondeni tu. Wazee waliweka mwiko: hakuna kushuka mpaka umande ukauke, maana ndege hufia mle, na mbuzi pia. Lakini kwa ukungu huu umande haukauki mpaka mchana. Ng'ombe wakisubiri hivyo maziwa yanapungua, na mnunuzi wa siku hizi ni mtu binafsi. Akiona madumu hayajai anahamia kijiji kingine.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimesimamishwa mbele. Nikasema: kuanzia Jumanne, saa moja asubuhi, shukeni mkakate majani. Bibi mmoja akatikisa kichwa. Mama akasimama, akasema yeye atatangulia, maana aliyesema ni mwanawe.

Nilijisikia fahari mpaka machozi. Nimerudi Tukuyu jioni.

Jumatatu, 14 Julai

Baada ya kazi nimempelekea Shabani mchoro wake wa mvua. Kaucheka.

"Dada Tusa, hii R yako inanisingizia. Mimi nikapime mvua saa saba usiku? Nimeandika saa moja. Nikishaswali, nikishakunywa chai."

Nikacheka naye. Halafu nikakumbuka namba za Ambokile.

Ambokile hakwenda kozi. Kaandika saa kama tunavyozisema wote. Nilidhani kifaa kinalala kibondeni. Hakilali. Nani akiache mle usiku? 1 yake ni saa moja asubuhi. Kompyuta na mimi tumeisoma saa saba usiku. Saa niliyowaambia washuke ndiyo mbaya kuliko zote.

Magari ya Matwebe yamekwisha. Kijijini hakuna simu. Mwenye gari mmoja hana mafuta, mwingine kasafiri. Dereva wa gari la maziwa atanichukua alfajiri.

Naogopa. Mama akisema atatangulia, hutangulia.

Jumanne, 15 Julai

Gari lilisimama kila kituo kupakia madumu. Nilinyamaza, kwa aibu. Nilipomwambia dereva sababu, aliacha madumu ya watu barabarani akakanyaga mafuta. Ningesema mapema.

Ukungu. Wanawake wamesimama ukingoni, mikono kichwani. Waliniambia mama alishuka na mbwa wake, akainama kukata, akaanguka. Hewa ile hukaa chini. Ambokile hushusha kifaa kwa kamba akiwa juu, hajawahi kushuka. Leo alijifunga kamba hiyo kiunoni, akabana pumzi, akamfuata. Wanawake wakawavuta wote wawili.

Nilimkuta mama amelazwa kwenye kanga, midomo imebadilika rangi. Anapumua. Mbwa bado yuko kule chini.

Nimewaambia wote pale pale kwamba kosa ni langu.

Ijumaa, 18 Julai

Niko kwa mama. Kichwa bado kinamuuma, lakini amekula ndizi, akasema ndaga, ahsante ya kwetu. Majirani wamemkatia migomba ya kulisha ng'ombe wake. Jana nilikwenda ofisini nikachora upya kwa saa zetu. Hewa imejaa saa moja hadi saa tatu asubuhi. Inaisha saa saba mchana. Sijamwonyesha mtu.

Nimemweleza mama kosa lenyewe polepole, saa za kompyuta na saa zetu. Kasikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Haya," akasema. "Basi kesho tushuke saa ngapi?"

Bado ananiamini. Hata Jumanne sikuogopa hivi. Nimesema nitamjibu baadaye, nikatoka nje kuteka maji.

Mundu ameshaunoa. Uko pale mlangoni.