Maganda Yaliyolia Ndani ya Stoo

Nyumba za Wafanyakazi,
Al Wukair,
Doha, Qatar.
6 Aprili 2025

Mpendwa kaka Wesley,

Hamjambo huko Kapsabet? Mvua imeshuka au bado mnayatazama mawingu yakipita tu? Na mtoto, ile homa yake imemwacha? Nimemwombea kila asubuhi tangu uliponiambia. Mimi sijambo. Joto lenyewe bado halijaanza kutufungia ndani, ila vumbi limekuja mapema mwaka huu. Kuna siku jua linakuwa jeupe kama sahani na watu wanatembea bila kivuli.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu ya Mama. Ulinieleza kwamba ameikataa simu kabisa, eti siku hizi mashine zinaiga sauti ya mtu hata akiwa ameshakufa. Basi mwonyeshe karatasi hii auone mwandiko wangu mbaya, zile herufi zilizolala ambazo alikuwa akinisuta nazo nikiwa darasa la nne. Velma, yule nesi wa kwetu, anakuja likizo na ndiye atakayeileta.

Ile picha mliyotumiwa ni yangu kweli, na damu ni yangu. Lakini sikupigwa risasi wala sijapofuka. Onyango, mlinzi wa getini, alinipiga picha kwa hofu yake akaituma kwa rafiki, rafiki akaituma kwa mwingine, na ilipofika kwenu nilikuwa nimeshazikwa. Kaa chini nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nafanya kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha, upande wa wanawake. Lakini sijawahi kukueleza kazi yenyewe. Wapigaji wakubwa hawanunui risasi zilizo tayari. Wanaletewa maganda mapya ya shaba, matupu, kisha fundi anayatia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi, ili kila moja iruke sawa na mwenzake. Kabla hajayajaza, mimi ndiye ninayeyakagua. Naangalia kama tundu la kitako limetobolewa katikati, kama shingo ina unene sawa kuzunguka, kama hakuna mkunjo ubavuni. Napima uzito. Mwisho naliangusha ganda juu ya ubao na kusikiliza. Ganda zima linalia kama kengele ndogo. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, kama kikombe cha udongo kilichogongwa.

Mwezi uliopita tuliletewa maboksi ya maganda kutoka kiwanda ambacho hatujawahi kununua kwake. Wesley, yalikuwa mazuri mno. Yaling'aa hadi unaona jicho lako ndani yake. Uzito wake ulifanana kuliko maganda yoyote niliyowahi kushika. Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Ganda jema huwa na rangi shingoni, kahawia inayoelekea bluu, alama ya moto wa kulainisha shaba. Haya hayakuwa na rangi yoyote.

Nilimwonyesha Bradley, fundi mkuu, mzungu wa Afrika Kusini mwenye subira nyingi. Akayageuza kwenye mwanga. "Wengine huyasugua ili yapendeze," akasema. "Moto huenda ulipita, lakini hapa hatuwezi kuuona."

Nikayaangusha kwenye ubao moja baada ya jingine. Yote yakalia vizuri. Basi nikafunga maboksi kwa utepe, nikatia sahihi yangu juu ya kila utepe, tukayaweka stoo.

Baada ya muda, Bella akaanza kuikwepa stoo ile. Bella ni Mganda, ndiye anayesafisha upande wetu, mama wa watoto wawili wanaolelewa na dada yake huko Masaka. Si mtu wa mzaha. Siku moja nikamkuta amesimama mlangoni na ndoo yake, haingii.

"Bella, kuna nini?"

"Dada Jerusha, mle ndani kuna mtu anatafuna meno."

"Panya?"

"Panya hanyamazi ukimsalimia. Huyu nikisema hodi ananyamaza. Nikigeuka, anaanza."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaingia mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, vumbi limetanda nje, na mwanga wa dirishani ulikuwa wa manjano. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilinichoma macho, maana meneja alikuwa ameamuru madumu yake yahamishiwe humo. Nikasimama. Hakuna kitu ila kiyoyozi.

Kisha, *tik*.

Kidogo sana, kama mtu anayevunja kucha kwa meno. Nikanyamaza. *Tik*, upande mwingine wa rafu. Nikaweka sikio kwenye boksi la kwanza, na humo ndani pakawa kimya, kimya cha mtu anayezuia pumzi. Nilipoinua kichwa, ikaanza tena nyuma yangu. Utepe ulikuwa mzima, sahihi yangu mahali pake.

Nikamwita Bradley. Akasimama nasi pale muda mrefu, kichwa ameinamisha. Hakusikia kitu. Sisi tulisikia, Wesley, mimi na Bella, wakati yeye akiwa katikati yetu. Bella akanishika mkono. Bradley akasema kwa upole kwamba chuma hulia kikipoa, tusijitie hofu.

Siku iliyofuata Madam Noof alikuja kufanya mazoezi. Ni Mqatari, mpigaji wetu bora, na mashindano yake yalikuwa karibu. Bradley alikuwa amemjazia risasi kutoka boksi la kwanza jioni ya jana yake. Wakatoka kwenda kwenye mstari wa kufyatulia, nami nikabaki kwenye meza yangu. Sijui kilichonituma. Nikaenda stoo, nikafungua boksi hilohilo, ambalo utepe wake Bradley alishaukata, nikachukua ganda moja nikaliangusha kwenye ubao.

Likalia sauti iliyokufa.

Nikachukua jingine, likalia vema. La tatu, sauti ya kikombe cha udongo. Nikaliweka kwenye taa, na hapo shingoni nikaona mstari mwembamba kama unywele, umeshuka hadi begani. Jingine lilikuwa na ufa juu kidogo ya kitako, mahali pabaya kuliko pote, maana hapo ndipo moto unapoweza kumrudia mpigaji usoni. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeyagusa. Nilikuwa nimeyapitisha mimi mwenyewe, mazima, nikayafungia gizani, nayo yakapasuka peke yake.

Nilikimbia. Huwezi kumwita mtu aliye kwenye mstari, masikio yake yamefunikwa, ila kuna swichi ya ukutani inayowasha taa nyekundu, na ikiwaka kila mtu anaacha. Kupitia kioo nilimwona Madam Noof amelala kifudifudi, shavu kwenye bunduki, bega limetulia kabisa. Nilikuwa nimeshaona utulivu huo mara nyingi. Baada yake hufuata mlio. Nikajikwaa kwenye ngazi ya zege, paji la uso likagonga ukingo, nikaona giza. Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka kiganja changu kikiwa juu ya swichi na damu ikiingia jichoni, nayo ilikuwa ya moto.

Taa ikawaka. Akatoa kidole kwenye kifyatuo.

Bradley akafungua bunduki kuitoa risasi. Likatoka ganda peke yake, baruti ikamwagika chini kama ufuta. Kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki ndani ya mtutu, maana shingo iliyopasuka haikuweza kukishika. Madam Noof akaitazama ile baruti, kisha akanitazama mimi.

"Na kama ningeifyatua?" akauliza.

Bradley akaketi pale chini kwenye mkeka, akaanza kuikusanya ile baruti kwa kiganja.

Velma ndiye aliyenishona pale kliniki, akiniimbia wimbo wa kanisani ili nisitikisike.

Baadaye Bradley alinieleza. Maganda yale hayakulainishwa vizuri kwa moto, kwa hiyo shaba ilibaki imejikaza ndani kwa ndani. Na mvuke wa ile dawa ya sakafu ni adui wa shaba iliyojikaza, huila polepole hadi ijipasue. Ndiyo maana rangi ya moto ni bora kuliko mng'ao. Meneja aliposikia habari ya dawa, akaitisha kikao, na jina la kwanza kutoka kinywani mwake likawa la Bella. Eti mfanyakazi wa usafi alikuwa mzembe.

Nikasimama na bandeji yangu. "Bosi, Bella ndiye aliyetuambia kuna kitu. Madumu yaliingia kwa amri yako."

Nilijua naweza kupandishwa ndege ya kurudi nyumbani wiki ileile. Ndipo Madam Noof, ambaye hata hakuwa amealikwa, akasema kutoka mlangoni, "Khalas. Yametosha." Madumu yakahamishwa siku hiyo. Bella yupo kazini, nami nipo.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu ila wewe, na tafadhali usimsomee Mama kipande hiki. Nilimuuliza Bradley kama shaba ikipasuka hivyo hutoa sauti. Akafikiri, akasema nyufa za namna ile huenda kwa siku nyingi, nyembamba kuliko unywele, na hajui sikio la binadamu linaloweza kuzisikia kutoka ndani ya boksi lililofungwa. "Basi sisi tulisikia nini?" nikamuuliza. Akakung'uta mikono yake kwenye aproni, akarudi kwenye kazi yake.

Maganda yote yamepelekwa kusagwa. Stoo ni tupu, imepakwa rangi upya. Mwambie Mama nitakuja Desemba, Mungu akipenda, na asishtuke na kovu langu, liko juu ya nyusi ya kushoto na limepona vizuri. Anaposali alitaje jina la Bella pia.

Bradley naye amebadilika. Asubuhi hizi, kabla hajaifungua stoo ile tupu, anabisha hodi, kisha anasimama na ufunguo mkononi akisubiri. Sijathubutu kumuuliza anasubiri nini. Bella anasema siku Bradley akijibiwa karibu kutoka ndani, yeye anachukua mkoba wake na kurudi Masaka kwa miguu.

Nisalimie bibi yetu Kogo, mwambie blanketi lake anakuja nalo Velma. Salamu kwa shemeji, kwa Reuben na Miriam, na kwa majirani wote walionililia kabla ya wakati. Mungu awafunike nyote usiku na mchana, na mlango wenu ufunguliwe na watu wema tu.

Mimi dada yako akupendaye, niliye hai,

Jerusha Cherotich